Vumbi katika Banda la Kuku: Lizuiwe Kabla Halijapaa

Katika boma nyingi zinazofuga kuku wa mayai, banda hufagiliwa alfajiri, mapazia ya magunia yakiwa bado yameteremshwa kuzuia baridi. Anayeshika ufagio, mara nyingi mama au kijana wa nyumbani, hutoka akikohoa na kupiga chafya. Wengi hudhani ni mafua, kumbe huenda ni vumbi la banda.

Vumbi hilo si udongo mtupu. Lina chembe za chakula, maranda, manyoya na kinyesi kilichokauka, pamoja na bakteria na ukungu. Chembe kubwa hunaswa puani, lakini zile ndogo zisizoonekana kwa macho hufika ndani ya mapafu. Anayezivuta kila siku anaweza kupata kikohozi cha kudumu, na mwenye pumu huzidiwa.

Kuku nao huumia. Virusi vya ugonjwa wa Marek, kwa mfano, hutoka kwenye mizizi ya manyoya na huweza kuishi ndani ya vumbi kwa miezi mingi. Ndiyo maana vifaranga huchanjwa wakiwa wa siku moja, na banda huoshwa kabla ya kuingiza kundi jipya.

Kipimo cha mkono

Mfugaji achote maranda ya sakafuni, ayafinye kwenye kiganja, kisha afungue mkono. Yakishikana kidogo na kumeguka, yako sawa. Yakimwagika kama unga, yamekauka mno na yatatoa vumbi. Yakibaki donge, yana maji mengi. Hapo hewa kali ya amonia huongezeka na ugonjwa wa kuhara damu hupata nafasi.

Hatua za kufuata

1. Fungua mapazia kwanza, hewa ipite kabla ya kuanza kazi. Wavu wa pembeni usafishwe, kwa kuwa vumbi na utando wa buibui huziba matundu.

2. Usifagie pakavu. Nyunyizia maji kidogo kama manyunyu, kisha fagia polepole. Maji yasimwagwe kwa ndoo.

3. Mimina chakula ukiwa umeinamia kihori, si kutoka juu. Kihori kisijazwe zaidi ya theluthi moja, kuku wasikitawanye. Chakula kisiloweshwe na kuachwa, kwani huota ukungu wenye sumu.

4. Vaa barakoa ya aina ya N95. Kitambaa cha kawaida hakizuii chembe ndogo.

5. Tenga nguo za banda. Zivuliwe nje, na mikono ioshwe kwa sabuni.

6. Watoto na wenye pumu wasifagie banda wala kugeuza maranda.

Mwenye kikohozi kisichoisha asijitibu kwa dawa za dukani. Aende kituo cha afya na amweleze mhudumu kwamba hufanya kazi katika banda la kuku. Maelezo hayo husaidia kutafuta chanzo, na kikohozi cha muda mrefu hupaswa pia kupimwa kifua kikuu.

Kuku wakikoroma, wakitoa makamasi au wakifa ghafla, mfugaji asilaumu vumbi pekee. Amwite afisa wa mifugo wa wadi mapema, na asiuze wala kuhamisha kuku hadi wachunguzwe.