Ndoto Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba ndoto nayo ni mali. Kila usiku twaipata bure, na kila asubuhi twaitupa hata kabla ya kunawa uso. Katika makala haya nitawaeleza wenzangu jinsi ya kuihifadhi ndoto kwa maandishi na kwa picha, na faida zake.

Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha kuhusu jambo hili. Ndoto ya kutisha, ile inayomkaba mtu, huitwa jinamizi. Anayesema ovyo usingizini anaweweseka. Aliyelala fofofo amelala usingizi wa pono. Na yule anayepanga kuwa daktari ilhali vitabu hajavifungua tangu muhula uanze, huyo ana ndoto za Alinacha. Hizo si somo letu leo.

Je, ndoto huja saa ngapi? Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walitangaza kwamba kuna vipindi ambapo macho ya mtu aliyelala hwenda mbio chini ya kope. Waliamsha watu wakati huo, na wengi wakasema walikuwa wakiota. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na kadiri kunavyokucha ndivyo vinavyorefuka. Wakati huo misuli mikubwa ya mwili hulegea, ndiyo maana unaota unakimbizwa na fahali lakini huinuki kitandani ukavunja mlango. Kwa hivyo sisi tunaotoka nyumbani alfajiri kuwahi shule huamshwa ndoto ikiwa ndiyo imenoga!

Sasa utaniuliza, "Kuna haja gani ya kuandika?" Hebu sikia kisa cha Otto Loewi, mwanasayansi aliyefanya kazi Graz, nchini Austria. Usiku mmoja aliota jinsi ya kuthibitisha namna neva zinavyoupelekea moyo habari. Akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi alipoutazama mwandiko wake mwenyewe, hakuweza kuusoma! Bahati yake, usiku uliofuata ndoto ilirudi, saa tisa. Safari hii hakungoja. Alikwenda moja kwa moja maabarani akafanya jaribio lake kwa mioyo ya vyura. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Jamani, hata mshindi wa Nobel alitatizwa na mwandiko mbaya. Walimu wanaotukemea kila siku kuhusu hati wana haki yao.

Wachoraji nao hawakubaki nyuma. Salvador Dalí wa Uhispania alichora mwaka 1931 picha ya saa zilizolegea kama chapati mbichi, moja ikining'inia kwenye tawi la mti. Saa kama hizo hazipo dukani, lakini aliyewahi kuota atazielewa mara moja.

Hatua ni hizi:

1. Weka daftari na penseli karibu na unapolala. Lolote latosha, hata lile la mwaka jana lililobaki kurasa. Ikiwa mnalala wengi chumba kimoja, usiwashe taa ukawaudhi wenzako. Andika gizani kwa herufi kubwa, maneno matatu manne tu, kisha ukamilishe kukipambazuka.

2. Ukiamka usiruke kitandani. Tulia kidogo. Kamata tukio la mwisho, halafu rudi nyuma polepole, kama mtu anayefuata uzi.

3. Andika kwa wakati uliopo. Usiseme "nilikimbia", sema "nakimbia". Utashangaa jinsi mambo uliyoyasahau yanavyojileta yenyewe.

4. Tia tarehe na kichwa. Taja rangi, sauti na hasa hisia: uliogopa, ulifurahi, au uliona haya?

5. Chora kitu kimoja kilichokuganda akilini. Hakuna anayekupa alama. Kama huna rangi, tumia kipande cha makaa, udongo mwekundu, majani yaliyopondwa, au ukate picha za magazeti makuukuu uzibandike.

6. Baada ya mwezi, soma yote kwa pamoja. Pigia mstari kinachojirudia.

Huu hapa mfano kutoka daftari langu: "Jumanne. Kichwa: Mlango Usio na Nyumba. Nimesimama shambani. Mlango wa buluu umesimama peke yake katikati ya mahindi. Nasikia nyanya akikohoa upande wa pili. Nazunguka, hayupo. Siogopi, nina hamu tu." Kutokana na mistari hiyo niliandika insha ya kurasa mbili. Wale mnaolalamika kwamba mwalimu akisema "andika insha" mnakosa la kusema, hazina mnailalia!

Lakini kuna faida kubwa kuliko insha. Wakati wa mvua za masika mwaka 2024, mto ulivunja kingo ukaingia nyumbani kwetu usiku. Sote tulitoka salama, lakini mbuzi wetu watatu walikwenda na maji. Baada ya hapo jinamizi likanishika. Naota maji yako magotini, namwita ndugu yangu mdogo, sauti haitoki. Nikaanza kuogopa kulala. Darasani nikawa nasinzia, wengine wakidhani ni uvivu.

Mwalimu wa ushauri aliniambia nichore jinamizi hilo lote, kisha nichore upya nikiubadilisha mwisho wake nipendavyo. Katika picha ya pili, ndugu yangu amekaa juu ya paa akiwa na taa, nami nampandia kwa ngazi huku mbuzi watatu wakitutazama. Kila jioni niliitazama picha hiyo kwa dakika chache na kuipitia moyoni. Mwezi wa kwanza daftari linaonyesha jinamizi lilikuja mara tisa. Mwezi wa pili, mara nne. Sisemi limekwisha. Mvua ikipiga mabati usiku, bado hurudi mara moja moja. Ila sasa nalala.

Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 2001 daktari Barry Krakow wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake walioteswa na majinamizi baada ya kutendewa unyama. Wale waliofundishwa kubadilisha ndoto zao na kuzirudia mchana walipata nafuu kuliko wale waliokuwa bado wanangoja zamu.

Nina maonyo mawili. La kwanza, usikimbilie kuagua ndoto, eti ukiota nyoka una adui darasani. Utakosana na watu bure. Jiulize kwanza wewe mwenyewe nyoka humwona wapi na humwogopa kwa nini. La pili, daftari la ndoto ni siri ya mwenyewe. Usisome la mwenzako, wala usimcheke anayeweweseka, kwani hujui alikotoka. Na kama jinamizi halikuachi, usibaki nalo peke yako. Mwone mwalimu, mzazi au daktari.

Zoezi: Kwa siku saba andika kila unachokumbuka asubuhi, hata kikiwa neno moja. Siku ya nane chagua ndoto moja, uichore, kisha uigeuze kuwa insha au shairi la beti nne. Atakayependa kutusomea kazi yake, Chama cha Kiswahili kinamkaribisha mkutanoni.

Lala salama, msomaji, na penseli usiisahau.