Tangazo au Mnada? Lugha ya Matangazo ya Jumuiya kwa Kurejelea Sigalagala

Makala haya yanachunguza swali linalomkabili kila mtu aliyejitolea kuisomea jumuiya matangazo yake, awe katibu wa kanisa, kiongozi wa kikundi cha vijana au mzee wa mtaa: ni ujumbe upi usomwe, na ni upi arudishiwe mwenyewe kwa kuwa ni biashara tupu? Aghalabu mjadala huu huachiwa watu wa sheria na utawala. Sisi tunaona kuwa ni suala la lugha kwanza.

Chanzo cha utata ni neno lenyewe. Kitenzi tangaa, yaani kuenea au kujulikana kote, kimezaa tangaza, nacho kikazaa tangazo. Nomino hii moja hubeba habari za mazishi, za baraza la chifu, na pia sifa za sabuni iliyoko dukani. Hata hivyo, Kiswahili hakikukosa njia ya kutenganisha. Tuna kunadi, kitenzi chenye asili ya Kiarabu ambacho ni ndugu wa mnada; anayenadi ana mali na anatafuta mnunuzi. Tuna pia mbiu, ile pembe iliyopigwa ili watu wakusanyike, ambayo mpigaji wake hakuuza chochote. Msoma matangazo ni mpiga mbiu. Tatizo huanza pale mnadi anapoiazima pembe yake.

Tuichukue Sigalagala, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu, mahali inapochepuka njia ya Butere. Pana soko, na pana chuo cha ufundi kilichopandishwa hadhi kuwa cha kitaifa mwaka 2016. Mahali pa namna hii, mwenye vyumba vya kupangisha, mwenye kuku na mwenye bodaboda wote ni majirani, tena pengine ni mashemeji wa huyo msoma matangazo. Kumwambia shemeji kwamba ujumbe wake hausomwi si jambo jepesi. Ndiyo maana kanuni ya mkato huvutia: ujumbe wowote wenye maneno uza, nunua, bei au shilingi uachwe. Hebu tuijaribu kanuni hiyo kwa mifano miwili tuliyoibuni.

(1) Jirani yetu aliyefiwa na mumewe anauza mihogo njia panda kila Jumatano. Fungu ni shilingi 50. Karo ya mwanawe inatoka hapo.

(2) Wapendwa, mlango umefunguliwa. Wapandao leo watavuna mara nne kabla ya Krismasi. Nafasi zimebaki chache, usiachwe nje.

Kanuni ya mkato itauzuia ujumbe wa (1) na kuupitisha wa (2). Kwa mujibu wa nadharia ya vitendo uneni, iliyotokana na mihadhara ya J. L. Austin iliyochapishwa mwaka 1962, kinachopaswa kupimwa ni tendo linalofanyika kwa kuyatamka maneno. Sarufi ya (2) inajifichua yenyewe. "Umefunguliwa" ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: umefunguliwa na nani? "Watavuna" nini, katika shamba la nani? Kinyume chake, ujumbe wa (1) una muuzaji, bidhaa, bei, mahali na siku. Mnunuzi akipunjwa anajua pa kumpata aliyempunja.

Mfano wa (2) haukutoka hewani. Mpango wa DECI nchini Tanzania, uliokuwa chini ya wachungaji, ulikusanya fedha za watu wengi kwa lugha hii hii ya kupanda mbegu na kuvuna, hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Sitiari ya mbegu ina heshima yake mimbarini, na kwa mkulima wa mahindi si sitiari hata kidogo bali ni maisha. Ndiyo sababu ilifaa kuazimwa.

Kanuni za utangazaji za Kenya za mwaka 2009 huiruhusu redio ya jamii kutoa matangazo ya biashara yanayoihusu jamii inayohudumiwa. Kigezo hiki kinaishinda orodha ya maneno, lakini hakitoshi, kwani mlaghai naye huweza kuwa mwenyeji. Tunapendekeza kwamba msoma matangazo, badala ya kukataa, adai ujumbe uandikwe upya: kauli ya kutendwa igeuzwe iwe ya kutenda, mtenda atajwe kwa jina, na sitiari iwe tarakimu. Mwenye (2) atalazimika kuandika: "Mimi fulani nitapokea shilingi 5,000 zako na kukulipa 20,000 kabla ya Krismasi, nazo nitazitoa mahali fulani." Kalamu itamwia nzito. Mwenye (1) hana la kubadilisha, ila tungemshauri aiondoe ile karo ya mtoto, maana mihogo inajitosheleza.