Somo la Plagi: Kuchagua Plagi Inayolifaa Gari Lako

Mlaji anayeingia katika duka la spea mjini Tanga, Muheza au Korogwe kununua plagi huonyeshwa aina mbili au tatu. Kwa macho zinafanana, lakini bei zake zinapishana sana. Wapo wanaochukua ya bei ndogo ili kuokoa fedha, na wapo wanaochukua ya bei kubwa kwa kuamini kuwa ghali ndiyo bora. Wote wawili waweza kupata hasara. Katika somo hili tunaeleza aina za plagi, maana ya namba zake, na namna ya kuitambua plagi bandia, ili mnunuzi aongozwe na mahitaji ya injini yake.

Kazi ya plagi

Plagi tunazozieleza hapa ni za injini ya petroli. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Kinachoitwa plagi katika injini hiyo ni kipasha joto cha kusaidia kuwasha, wala hakitoi cheche.

Katika injini ya petroli, koili hupandisha volti 12 za betri hadi kufikia volti 20,000 au zaidi. Umeme huo huruka kati ya ncha mbili za plagi, katika nafasi ya takriban milimita moja, na cheche hiyo ndiyo inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini ya mipigo minne yenye koili kwa kila plagi, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huidai kila plagi cheche 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa kila sekunde.

Kila cheche hula chembe ndogo ya ncha. Nafasi hupanuka kidogo kidogo, na koili hulazimika kutoa umeme mkali zaidi ili kuivuka. Ndipo gari huwaka kwa taabu asubuhi, hula mafuta kuliko kawaida, na huanza kukosa nguvu katika silinda moja, hali ambayo mafundi huiita kumisi. Dereva akipuuza, koili huungua, na petroli isiyowaka huharibu kichujio cha moshi kilichomo katika mfumo wa sailensa. Vifaa hivyo viwili ni ghali kuliko plagi zote za gari.

Aina tatu kuu

Plagi ya nikeli ndiyo ya kawaida na ya bei ndogo. Wengi huiita plagi ya shaba, kwa kuwa ndani yake mna kiini cha shaba cha kupitisha joto. Lakini plagi za aina nyingine nazo huwa na kiini hicho. Ncha yake ya kati ni ya nikeli na ina unene wa takriban milimita 2.5. Hudumu kwa kilometa 20,000 hadi 40,000.

Plagi ya platinamu ina kipande kidogo cha madini hayo katika ncha ya kati. Ile ya platinamu mbili inacho katika ncha zote, nayo hufaa injini ambazo koili moja huhudumia silinda mbili. Hudumu hadi kilometa 80,000 au 100,000.

Plagi ya iridiamu ina ncha nyembamba mno, mara nyingi ya milimita 0.4 hadi 0.7. Iridiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 2,400 na zaidi, ilhali nikeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,455. Ndiyo maana ncha nyembamba kiasi hicho haliki upesi. Wembamba huo huiwezesha cheche kuruka kwa umeme mdogo zaidi. Nyingi hudumu kwa kilometa 100,000, ingawa zipo zilizotengenezwa kwa muda mfupi zaidi. Mlaji asome maelezo ya pakiti.

Ipi ina nafuu?

Tuchukue bei za mfano tu. Tuseme plagi ya nikeli ni shilingi 8,000 na ya iridiamu ni shilingi 35,000, na gari lina silinda nne. Nikeli zikibadilishwa kila kilometa 20,000, kwa kilometa 100,000 mwenye gari atanunua mara tano, jumla shilingi 160,000, na fundi atalipwa mara tano. Iridiamu zitamgharimu shilingi 140,000, na fundi atalipwa mara moja.

Dereva wa teksi anayetembea kilometa 150 kwa siku humaliza kilometa 20,000 katika miezi minne na nusu. Kwake iridiamu halisi ni nafuu. Mwenye gari linalotembea kilometa 8,000 kwa mwaka aweza kutumia nikeli kwa miaka miwili na zaidi bila hasara, iwapo mtengenezaji wa gari ameziruhusu. Injini iliyotoka kiwandani na iridiamu irudishiwe iridiamu, hasa ile ambayo fundi hulazimika kufungua vifaa vingi ili azifikie plagi.

Kusoma namba

Jambo lenye uzito kuliko aina ya madini ni namba. Tuichukue plagi ya NGK iliyoandikwa BKR6E-11. Herufi B huonyesha hesi ya milimita 14. K, spana ya milimita 16. R, kizuizi cha ndani kinachozuia cheche kuvuruga redio na kompyuta ya gari. E, urefu wa hesi wa milimita 19. Na 11, nafasi ya milimita 1.1. Tarakimu 6 ni kiwango cha joto.

Kiwango cha joto ni uwezo wa plagi kulitoa joto kwenye ncha na kulipeleka katika mwili wa injini. Ncha isipofika nyuzi 450 hivi haiwezi kuunguza masizi yanayoishika. Ikipita nyuzi 850 hivi, yaweza kuwasha petroli kabla ya wakati, na pistoni ikatoboka. Kwa NGK na DENSO, tarakimu kubwa ni plagi baridi zaidi. 6 ya NGK hukaribiana na 20 ya DENSO. Kwa Bosch mpangilio ni kinyume: tarakimu kubwa ni plagi moto zaidi. Kwa hiyo namba za kampuni moja zisilinganishwe na za nyingine bila jedwali.

Huenda mlaji akaambiwa kwamba joto la Pwani, au mlima wa kutoka Mombo hadi Lushoto, hudai plagi baridi zaidi. Kwa gari ambalo injini yake haikubadilishwa, sivyo. Mtengenezaji amekwisha kuzingatia hali hizo. Namba iliyo katika kitabu cha gari itumike ufukweni na milimani pia.

Gari lililotumika Japani lipewe uangalizi wa pekee, kwani laweza kufika na plagi za kiwandani zilizokwisha muda. Mlaji amwombe fundi azitoe, azisome namba na azilinganishe na kitabu cha gari.

Dalili za plagi bandia

Iridiamu huigwa kwa sababu ya bei yake. Kabla ya kulipa, fungua pakiti na utazame mambo manne. Kwanza, namba ya kwenye kauri nyeupe iwe ileile ya kwenye pakiti, na maandishi yasifutike kwa kidole. Pili, ncha ya iridiamu iwe nyembamba kama sindano. Ikiwa nene kama ya nikeli, umeuziwa jina tu. Tatu, ncha ya kati na ya pembeni zielekeane sawasawa. Nne, hesi iwe laini, na washa isivuliwe kwa urahisi. Plagi iliyosuguliwa na kung'arishwa ili iuzwe kama mpya hutambulika kwa kingo za ncha zilizoviringika.

Kufunga na kukagua

Plagi zifungwe injini ikiwa imepoa. Zianze kuzungushwa kwa mkono, kisha plagi mpya yenye washa na hesi ya milimita 14 ikazwe kwa spana nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, isipokuwa pakiti iseme vingine. Kwa kuhofia kutu ya chumvi ya bahari, wapo wanaopaka grisi kwenye hesi. Hilo liepukwe, kwani utelezi humfanya fundi akaze kupita kiasi na kuharibu hesi ya silinda hedi. Ncha ya iridiamu isisuguliwe kwa msasa wala brashi ya waya.

Plagi ya zamani nayo ina habari zake. Rangi ya kahawia au kijivu hafifu ni ya afya. Masizi makavu meusi huashiria petroli nyingi au chujio la hewa lililozibwa na vumbi. Weusi wenye unyevu wa oili huashiria oili inayopenya ndani ya silinda. Weupe wenye malengelenge ni dalili ya joto kupita kiasi. Katika hali hizi tatu, kubadili plagi pekee hakutoshi.

Haki ya mlaji

Mweleze muuzaji aina ya gari, mwaka wake na injini yake, usitaje chapa ya plagi pekee. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyeeleza matumizi na kutegemea ujuzi wa muuzaji wa bidhaa hiyo ana msingi wa kudai bidhaa inayofaa. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uhifadhi pakiti pamoja na plagi zilizotolewa. Ukishuku bidhaa bandia, toa taarifa Tume ya Ushindani. Ukishuku ubora hafifu, toa taarifa Shirika la Viwango Tanzania. Plagi iliyotupwa na risiti iliyopotea humwacha mlaji na malalamiko yasiyo na ushahidi.

Maswali ya kujipima

1. Namba ya plagi iliyopendekezwa kwa gari lako ni ipi, na imeandikwa wapi?
2. Kwa mwaka gari lako hutembea kilometa ngapi, na ni aina gani ya plagi inayokupa nafuu?
3. Ukipewa plagi ya kampuni nyingine, utajuaje kwamba kiwango chake cha joto ni kilekile?