Tuulize Kwanza: Somo la Yoshua 22



Somo letu linahusu maneno tunayoyasikia na jinsi ya kuyapima. Lisomwe kwa sauti mkutanoni, polepole, na mmoja wenu awe na Biblia mkononi. Mkifika penye swali, simameni mjadiliane. Msikimbilie kumaliza.

1. Kisa cha kuanzia

Hiki ni kisa cha kufunzia tu, lakini wengi wenu mtakitambua.

Kikundi cha akina mama karibu na Molo kilikuwa na wanachama 20. Wengine walikaa upande huu wa mto, wengine ng'ambo, na lugha zao za nyumbani si moja. Walilima viazi pamoja, walichanga kila Jumatano, na pesa za tangi la maji zilikuwa karibu kutimia.

Siku moja mama mmoja akarudi kutoka sokoni na habari. "Huko kwenye matatu nimesikia ati watu wa ng'ambo wanakutana usiku. Taa zinawaka mpaka saa sita. Sasa wanapanga nini?"

Jumatano iliyofuata, wenzao wa ng'ambo walipofika walisalimiwa nusu nusu. Wiki ya pili hawakuja. Wiki ya tatu mweka hazina akaambiwa arudishe pesa za kila mtu. Hakuna nyumba iliyochomwa wala mtu aliyepigwa. Lakini tangi halikujengwa, na watoto waliendelea kubeba maji mgongoni.

*Jadilianeni: Ni nani aliyevunja kikundi hiki? Ni nani angeweza kukiokoa?*

2. Sauti hizi tunazijua

Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kufundishwa madhara ya maneno. Vita vilipoanza huko Meteitei, Nandi, mwezi wa Oktoba 1991, na kufika Molo na Olenguruone mwaka 1992, vijikaratasi vya kuwatisha watu wahame vilitangulia au vilifuata. Hakuna aliyetia sahihi. Mwaka huo huo kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilisema kwamba vita vile vilichochewa kisiasa. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyekuwa mchungaji wetu Nakuru tangu 1971 hadi 1996, alisema jambo hilo waziwazi wakati kulisema kulikuwa hatari.

Halafu ikaja 2007 na 2008. Safari hii maneno yalipita kwenye simu na redio. Mwisho wa Januari 2008 moto ulifika Nakuru mjini na Naivasha. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 walikufa nchini katika vurugu zile.

Karatasi, redio, simu: chombo kinabadilika, sauti ni ile ile. Inasema, "Wale wanakuja." Haisemi nani ameona. Na mwenye kuipeleka habari mara nyingi hana shamba pale itakapowaka.

3. Tunasoma Neno

Fungueni Yoshua sura ya 22, msome kuanzia mstari wa 9 hadi wa 34. Sisi tutasimulia kwa ufupi.

Wana wa Israeli wamemaliza vita na kugawiwa mashamba. Makabila ya Reubeni na Gadi, pamoja na nusu ya Manase, wamepewa nchi ya ng'ambo ya mto Yordani. Wanaagwa kwa baraka. Wakiwa njiani wanajenga madhabahu kubwa karibu na mto.

Habari inawafikia wenzao: wamejenga madhabahu nyingine! Wamemwacha Mungu! Mara watu wote wanakusanyika Shilo tayari kwa vita. Tazameni jinsi Biblia isivyowaficha watu wa Mungu. Hata wao walikimbilia silaha kwa habari ya kusikia.

Lakini kabla ya kwenda wakatuma watu. Walimtuma Finehasi, mwana wa kuhani Eleazari, na viongozi kumi, mmoja kutoka kila kabila. Finehasi hakuwa mtu mwoga. Katika kitabu cha Hesabu sura ya 25 ndiye aliyeshika mkuki. Safari hii alipewa kazi ya kuuliza.

Walipofika walisema maneno makali. Hata hivyo walisema pia jambo la ajabu, mstari wa 19: kama nchi yenu haifai, vukeni mje mgawane nasi yetu. Kisha wakanyamaza, wakasikiliza.

Kumbe wenzao waliogopa jambo lingine kabisa. Waliogopa kwamba siku moja watoto wa upande ule wangewaambia watoto wao, "Nyinyi wa ng'ambo hamna sehemu kwa Mungu." Madhabahu ile haikuwa ya kutolea sadaka. Ilikuwa shahidi kwamba wao ni ndugu. Finehasi akarudi na habari hiyo, na mazungumzo ya vita yakaisha.

4. Tunajifunza nini?

Kwanza, jambo lililoonekana kwa macho lilikuwa kweli: madhabahu ilikuwepo. Maana waliyoipa ndiyo ilikuwa uongo. Hata katika kisa chetu taa ziliwaka kweli. Watu wa ng'ambo walikuwa wakikutana usiku kuchangia bili ya hospitali ya jirani yao, kwa sababu mchana kila mtu yuko shambani. Swali moja tu lingetosha.

Pili, waliotumwa walitoka kila kabila, ili asiwepo wa kusema baadaye, "Sisi hatukuambiwa hivyo."

Tatu, wengine watauliza: na kama habari ni ya kweli? Ni swali la haki. Mwaka 1992 na 2008 kuna waliopuuza onyo wakaumia. Kuuliza si kukaa bure. Pelekeni wazee na watoto mahali salama, mwarifuni chifu, polisi na parokia, na papo hapo mtume watu wa kuuliza. Kulinda watoto hakuhitaji kumchomea jirani.

Nne, si kila anayeshika Biblia ana Neno. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kwa hiyo tusome sura nzima badala ya mstari mmoja. Tusome pamoja, na kila mtu awe na ruhusa ya kuuliza. Anayekataza maswali, mwogopeni.

5. Maswali ya kikundi

1. Ni habari gani inazunguka kijijini kwetu sasa? Nani aliiona kwa macho yake?
2. Nani anafaidika tukiiamini?
3. Ni nani hajaulizwa?
4. Someni Mithali 18:17 na Yakobo 3:5. Maneno haya yanatuambia nini?

6. Kazi ya wiki hii

Chagueni watu wawili au watatu wanaoaminika pande zote, wa lugha mbalimbali, wawe "Finehasi" wa kikundi. Andikeni majina yao katika kitabu cha kumbukumbu, pamoja na sheria hii: *habari ya kuwatisha watu haitapelekwa mbele, wala pesa za kikundi hazitagawanywa kwa ajili yake, kabla hawa hawajaenda kuuliza na kuleta jibu.* Fanyeni hivyo sasa wakati kuna amani. Siku ya moshi hakuna mkutano.

Mungu awabariki katika kazi zenu.