Tumbo Hujuaje Kazi Yake?

Umerudi nyumbani hapa Uroa kutoka kwenye mwani. Chungu cha pweza wa nazi kiko motoni. Unasikia harufu tu, na mate yanakujaa mdomoni. Je, unajua kwamba wakati huo huo tumbo nalo limeanza kazi? Hujala hata tonge moja, lakini ubongo umekwisha kulipelekea habari kwamba chakula kinakuja. Tumbo huanza kutoa asidi.

Asidi ni maji makali. Husaidia kulainisha nyama na samaki, na huua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula.

Unapokula, tumbo hutanuka. Kule kutanuka, pamoja na samaki aliyemo ndani, hulifanya tumbo litoe kemikali iitwayo gastrini. Gastrini huingia katika damu, huzunguka, kisha hurudi pale pale tumboni na kuamrisha: ongeza asidi! Asidi ikizidi, gastrini hupungua na amri hukoma. Wewe huna habari. Pengine umekwisha lala.

Misuli ya tumbo nayo hujikaza na kujilegeza, kiasi cha mara 3 kwa dakika. Chakula husukumwa chini, hugonga mlango uliokazwa, hurudi. Ni kama kutwanga kinuni. Kikishakuwa kama uji, mlango wa chini hukipitisha kidogo kidogo kwenye utumbo mwembamba.

Utumbo mwembamba una kauli yake. Ukipokea mafuta mengi hupeleka habari juu: pole pole! Tumbo hupunguza mwendo, na asidi pia. Ndiyo sababu muhogo wa nazi hukaa tumboni zaidi ya muhogo wa kuchemsha mtupu.

Sasa fikiri. Umeshiba pweza wa nazi, maji yanapwa, unakwenda kuinama kufunga mwani kwenye kamba. Tumbo bado limejaa, nawe unaliminya. Asidi hupenya mlango wa juu na kupanda kifuani. Hicho ndicho kiungulia. Maji hayamngoji mtu, tunajua. Basi siku hiyo kula kidogo, na chungu kikungoje wewe.

Kwa nini asidi hailiunguzi tumbo lenyewe? Kwa sababu ukuta wake umefunikwa na ute mzito. Ute ukiharibika, vidonda hutokea. Wengi husema vidonda vya tumbo huletwa na njaa au mawazo. Lakini mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliwapata bakteria wanaoishi ndani ya ute huo. Marshall hata aliwanywa, akaugua tumbo! Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vingi sasa hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria hao, na mgonjwa hupona.

Adui mwingine wa ute ni dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Mgongo ukiuma baada ya mwani, wengine huzimeza kila siku bila kumwuliza daktari. Hilo ni hatari. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje kesho. Nenda hospitali.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Tumbo hujuaje kwamba asidi imetosha?
2. Kwa nini chakula cha nazi hukaa tumboni kwa muda mrefu?
3. Hapo nyumbani kwako, nani humeza dawa za mgongo, na mara ngapi?