Kibaya Chajitembeza: Kulinda Jina la Biashara Mtandaoni

Msafiri anayeshuka stendi saa mbili usiku siku hizi hamtegemei tena dereva wa bodaboda peke yake amwonyeshe pa kulala. Hutoa simu mfukoni, huandika "nyumba ya wageni" pamoja na jina la mji, kisha husoma majina matatu au manne ya mwanzo. Jina lenye nyota chache hulipita. Mwenye nyumba hiyo hatajua kamwe kwamba mteja alifika hatua mia moja kutoka mlangoni pake, akageuka.

Hasara hiyo isiyoonekana ndiyo kiini cha somo la toleo hili. Linawahusu wenye nyumba za wageni, mama lishe na baba lishe, mafundi, wenye maduka ya dawa na ya pembejeo, pamoja na vikundi vya uzalishaji mali katika kata zote.

Jinsi matokeo yanavyopangwa

Injini ya kutafuta taarifa, kama vile Google, hufanya kazi tatu. Hupitia kurasa zilizomo mtandaoni, huziwekea kumbukumbu, na mtu anapouliza jambo huchagua zinazofaa na kuzipanga. Kwa biashara za mahali fulani, Google huzingatia mambo makuu matatu: uhusiano wa biashara na kile kilichotafutwa, umbali wake kutoka alipo mtafutaji, na umaarufu wake. Idadi ya maoni ya wateja na nyota walizotoa huingia katika kipimo cha umaarufu. Nafasi katika matokeo ya kawaida hainunuliwi. Tangazo lililolipiwa huwekewa alama.

Kutokana na utaratibu huo, biashara isiyojieleza huelezwa na wengine. Pale ambapo yapo maoni mawili tu na moja ni la lawama, lawama hiyo ndiyo inayokuwa historia nzima ya biashara, hata kama kasoro ilikwisha kurekebishwa.

Kulazimisha kufuta si dawa

Wengi wanapokuta neno baya hutaka liondolewe kwa vitisho au kwa kesi. Njia hiyo mara nyingi huongeza moto. Mwaka 2003, msanii wa Marekani Barbra Streisand alimshtaki mpiga picha Kenneth Adelman, akidai dola milioni 50, kwa sababu picha ya pwani ya California iliyoonyesha nyumba yake ilikuwa imewekwa mtandaoni. Kabla ya shauri hilo picha ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, na mara 2 kati ya hizo waliopakua ni mawakili wake mwenyewe. Habari za kesi ziliposambaa, zaidi ya watu 400,000 waliitembelea tovuti hiyo katika muda wa mwezi mmoja. Mahakama nayo ililitupilia mbali shauri lake.

Hatua tano za kufuata

Kwanza, mfanyabiashara alitafute jina la biashara yake mtandaoni, akitumia pia simu ya mtu mwingine, kwa kuwa matokeo hutofautiana. Aandike yaliyo sahihi, yasiyo sahihi na yaliyopitwa na wakati.

Pili, afungue au adai Wasifu wa Biashara wa Google. Huduma hiyo ni bure, na mmiliki huthibitishwa kwanza kabla ya kupewa mamlaka juu yake. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye leseni ya biashara, pamoja na simu inayopatikana, saa za kazi na picha za kweli.

Tatu, ajibu maoni yote, ya sifa na ya lawama, kwa lugha ya staha. Mteja akilalamika kwamba hakukuwa na maji, jibu linaweza kuwa hivi: "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Ni kweli maji yalikatika siku hiyo. Tangu wakati huo tumefunga tangi na maji yanapatikana saa zote. Karibu tena." Jibu hilo husomwa na kila anayekuja baadaye, na ndilo linalompa sababu ya kuamini. Lakini tangi liwe limefungwa kweli.

Nne, awaombe wateja halisi waandike waliyoyaona. Kununua maoni, kuwatuma ndugu wajifanye wateja au kutoa zawadi ili kupata nyota ni kinyume cha masharti ya Google.

Tano, aripoti maoni yanayokiuka masharti, kama matusi au maoni ya mtu ambaye hajawahi kuwa mteja. Maoni hayaondolewi kwa sababu tu yanaudhi.

Sheria na tahadhari

Katika kujibu, mfanyabiashara asitaje namba ya simu ya mteja, chumba alicholala wala dawa aliyonunua. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha habari mtu akijua kwamba ni za uongo, kwa nia ya kukashifu au kuupotosha umma. Anayemzushia mshindani wake hujitia hatarini.

Wapo pia matapeli wanaopiga simu wakidai kwamba wametumwa na Google, na kwamba kwa malipo watafuta maoni mabaya au kuipandisha biashara hadi nafasi ya kwanza. Wasilipwe, na wasipewe namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, kwa maana anayeipata anaweza kuuteka wasifu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandao umekiongezea kibaya mwendo tu. Dawa yake imebaki ileile. Maji yakiwepo bafuni, chakula kikiwa safi na fundi akitimiza ahadi, wateja watakuwa na jambo jema la kuandika, na lile neno la zamani litashuka chini taratibu.

Anayehitaji maelekezo zaidi afike kwa Afisa Biashara wa Halmashauri siku za kazi, akiwa na leseni yake na simu anayoitumia katika biashara.