Gari la dizeli linapokosa nguvu

Gari letu hubeba wagonjwa kutoka vijijini hadi hospitali. Msimu mmoja wa mvua lilianza kukosa nguvu mlimani, na asubuhi liliwaka kwa shida. Fundi alisema pampu ya dizeli imekwisha. Bei yake ilizidi fedha zetu zote za matengenezo. Kabla ya kulipa, tuliamua kukagua wenyewe mambo madogo kwanza.

Moshi unasema nini?

■ Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kagua filta ya hewa. Ikiwa ni safi, huenda nozeli ni mbovu.
■ Moshi mweupe: dizeli haiungui vizuri. Ni kawaida kwa muda mfupi injini ikiwa baridi. Usipoisha, na maji ya rejeta yanapungua, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Acha kuendesha.
■ Moshi wa bluu: injini inaunguza oili.

Gari letu halikutoa moshi wa ajabu. Lilikosa nguvu tu. Hapo tulishuku kwamba dizeli haifiki vizuri kwenye injini.

Kagua njia ya dizeli

1. Zima injini, iache ipoe. Weka chombo safi chini ya filta ya dizeli, kisha fungua skrubu iliyo chini yake. Maji hukaa chini ya dizeli, hivyo hutoka kwanza.
2. Kama filta ni chafu au ya zamani, weka mpya.
3. Tazama mipira inayotoka kwenye tangi. Ufa mdogo huingiza hewa, na injini huwaka kwa shida asubuhi.
4. Toa hewa. Piga pampu ya mkono iliyo karibu na filta mpaka iwe ngumu. Kama kuna skrubu ya kutolea hewa, ilegeze, piga mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza.

Sisi tulipata maji mengi kwenye filta. Tuliyatoa, tukaweka filta mpya, na gari likapanda mlima kama zamani. Pampu ilikuwa nzima.

Maji yalitoka wapi?

Tulikuwa tunahifadhi dizeli katika pipa lililojaa nusu. Usiku wa baridi, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone na kushuka chini. Siku hizi pipa letu tunalijaza. Tunaiacha dizeli itulie kabla ya kuichota, na ile ya chini kabisa hatuitii kwenye gari. Kila wiki tunatoa maji kwenye filta.

Tahadhari! Usilegeze kamwe mabomba ya nozeli injini ikiwaka. Dizeli yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi. Ikitokea, nenda hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo. Magari mapya yenye mfumo wa kompyuta yana shinikizo kubwa zaidi. Hayo mwachie fundi mwenye vifaa.

Mtazame nani katika kikundi chenu anaweza kujifunza kazi hii. Filta ni nafuu kuliko pampu, na mgonjwa hawezi kusubiri barabarani.